Umeme Haumo Kwenye Kodi

4 Mei

Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu kwako na swali ni lilelile. Naliandika upya kwa utaratibu, pengine mara zile mbili sikueleweka.

Nyumba yako ya kilimani nimeipenda. Nimezitazama picha zake mpaka najua ngazi ya nyuma ina ufa wapi. Kodi ya wiki moja ya Agosti nimeikubali bila kuvutana nawe, na nitailipa mimi peke yangu kwa fedha za kitabu nilichokitafsiri. Lakini chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo, umeandika: "Umeme haumo kwenye kodi. Mgeni atalipa kwa mujibu wa mita siku ya kuondoka." Nikakuuliza huo umeme ni kama kiasi gani. Mara ya kwanza ulijibu, "Inategemea." Mara ya pili ulijibu, "Inategemea, binti."

Sisi ni watu wazima watatu: baba yangu, kaka yangu na mimi. Mimi na Baba tuko nchi moja, miji tofauti. Kaka yuko nchi nyingine. Nyumba yako iko katikati, katika nchi ya tatu ambapo hakuna hata mmoja wetu anayejua uniti moja inauzwaje. Baba na kaka hawajakaa chini ya paa moja tangu kaka alipoondoka nyumbani akiwa kijana, ukiondoa siku ya maziko ya mama yetu, na siku hiyo kaka aliondoka jioni bila kunywa hata maji. Nimewabembeleza mwaka mzima wakubali wiki hii. Baba amesema hatoki kwake bila kujua umeme utakuwa kiasi gani. Kaka amesema maneno hayohayo. Hawakupanga. Ndivyo walivyo.

Naomba makadirio, hata yakiwa na makosa. Nahitaji namba moja ya kuwaandikia watu wawili.

Mpangaji wako mtarajiwa


6 Mei

Binti,

Marahaba. Namba ninazo nyingi. Shida ni kwamba unataka ile iliyo yenu, na ninyi siwajui.

Kabla sijanunua nyumba hii nilikuwa mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima. Mtu akisema ghala lake limeungua na ndani mlikuwa na hiki na kile, mimi ndiye niliyekwenda kusimama kwenye majivu na kumwambia kilichokuwamo kweli. Sikuwahi kutoa hesabu ya kubahatisha nikiwa kijana, sianzi leo.

Nakupa ninavyovijua. Pampu ya bwawa inakula uniti sita kwa siku, mwogelee msiogelee. Friji, moja na nusu. Hita ya maji ni kwa kadiri mnavyooga. Kiyoyozi kimoja kikiwaka usiku kucha kinafika uniti kumi, na vyumba vya kulala viko vitatu. Mwaka jana walikuja waimbaji sita walioniapia kuwa hawapendi baridi. Niliingia asubuhi moja nikakuta viyoyozi vimeshushwa hadi mwisho na wao wamejifunika mablanketi mpaka puani. Siku ya kuondoka wakaniita mwizi.

Kwa hiyo niandikie siku moja ya kila mtu, tangu anapoamka mpaka anapolala. Anaoga maji gani, anapika, anapiga pasi, usiku anahitaji nini. Nikishajua mnaishije nitakupa namba, na nikikosea nitakosea kidogo.

Kuna familia nyingine inaitaka wiki hiyo. Nitakushikia hadi mwisho wa mwezi bila amana.

Mwenye Nyumba


7 Mei

Kaka,

Za huko? Mimi nimechoka na ni asubuhi.

Yule mama wa nyumba ya kilimani hatoi namba mpaka tumwandikie tunavyoishi. Sikutanii. Anataka kujua unaoga maji gani. Nimekaa ofisini, mlangoni kuna wanafunzi wanasubiri tuzungumze juu ya hiari ya mwanadamu, nami natafuta birika la maji linachemka kwa sehemu gani ya uniti. Nimesoma miaka yote ile ili nije nishindwe na mita.

Basi niandikie siku yako. Ukiwa likizo, si ukiwa kazini kwenye tanuri la mikate. Usiku utawasha nini, mchana utawasha nini. Usiniletee mzaha na usiniletee habari za Baba, nataka vyombo vya umeme tu.

Na kaka, naomba nisikuandikie mara mbili. Nikishawaandikia ninyi wawili na yule mama, najiona kama mtu anayeshika milango mitatu isifungwe, na mikono anayo miwili.

Kitinda wako


11 Mei

Kitinda,

Za huku ni unga. Wewe wa falsafa unababaishwa na mita? Njoo nikufundishe kukanda mkate, akili itulie.

Mwambie huyo mama hivi: mimi sina matumizi. Naoga maji baridi. Chai naweza kuiacha. Kiyoyozi sikitaki, nimezoea joto la tanuri, chumba cha kawaida kwangu ni kama friji. Simu nitaichaji mara moja nikikumbuka. Usiku nitalala kama gogo. Andika sifuri, halafu kando andika "labda simu".

Umesema nisilete habari za Baba, lakini huwezi kuniuliza habari za umeme nikamruka yeye. Huyo mama anajua anamkaribisha nani? Amwonyeshe swichi kuu iko wapi mapema, maana ataitafuta mwenyewe. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umeshalala. Saa tatu kamili, pasi yake ya ushonaji imepoa, anapita ukumbini na viatu vyake, kisha tap, nyumba nzima giza. Mimi na mshumaa na kitabu cha kemia. Usiku wa kuamkia mtihani niliamka nikawasha tena. Akaamka, akang'oa fyuzi, akaenda kulala nayo chini ya mto. Mtihani ule unajua ulivyokwenda. Kesho yake kulipokucha nilikuwa kwa mjomba.

Haya, nimemaliza. Sifuri, labda simu. Nikishapata namba nitaleta sehemu yangu, senti kwa senti, na yeye asinilipie hata punje.

Kaka


15 Mei

Mwanangu Kitinda,

Salamu nyingi. Barua hii nimeiandika kwa mkono na kumpa kijana wa duka la dawa aipige picha akutumie, maana simu yangu kioo kimepasuka na sioni sababu ya kukibadilisha wakati inapiga.

Umeniuliza nitatumia umeme gani huko ugenini. Sitatumia. Kushona nimeacha, kwa hiyo pasi haipo. Maji ya kuoga nitayaacha juani kwenye ndoo. Taa za nini Agosti, jua linachelewa kuzama. Kiyoyozi ni ugonjwa. Nikishakula jioni nitalala, na nikishalala mimi si mzigo kwa mtu.

Huyo mama mwulize bwawa lake la nini ikiwa hakuna anayeogelea. Uniti sita kila siku za kuzungusha maji yaleyale. Mtu mwenye akili timamu angelifunika.

Kaka yako amesemaje? Usimwambie nimeuliza. Akitaka kuwasha kila kitu awashe, ni likizo yake. Mimi nitalipa theluthi yangu bila neno. Ila namba niipate kwanza.

Baba yako


17 Mei

Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Nakutumia ulichokitaka, na natumaini hutaomba na urefu wa vidole vyetu.

Baba anaamka alfajiri, anaoga maji yaliyochomwa na jua, hatumii pasi, hatumii kiyoyozi, analala mapema. Kaka ni mwokaji mikate, amezoea joto, anaoga maji baridi, hana matumizi ila simu. Mimi nasoma. Nahitaji taa moja ya mezani, kompyuta na birika la chai, na usiku nalala dirisha likiwa wazi. Tutapika chakula chepesi mara moja kwa siku kwenye jiko la gesi.

Kwa hiyo tuko tayari kwa namba.

Mpangaji wa Agosti


19 Mei

Binti,

Namba hiyo hapa. Kwa maelezo yako, wiki nzima itakula uniti sitini na kidogo. Arobaini na mbili kati ya hizo ni za bwawa. Mgeni wangu mkubwa Agosti atakuwa bwawa.

Sasa nikuambie jambo, na usinikasirikie. Siwezi kukupa nyumba kwa makadirio haya. Si kwamba ni ya chini, hata mimi napenda mgeni asiyepoteza. Ila kazini kwangu tulikuwa na watu wa aina mbili. Wengine walitaja mali zaidi ya waliyokuwa nayo, na hao wanajulikana. Wa pili walijaza fomu wakasema ndani hamna kitu cha maana, andika chochote. Tukienda kwenye nyumba za hao wa pili tunakuta mlango umefungwa na majirani wanasema walishahama. Mtu anayekusudia kulala mahali hujali atalalaje. Atauliza mto, atauliza feni, atauliza kama birika lipo. Wewe umetaja taa, kompyuta, birika na dirisha. Wewe unakuja. Hao wanaume wawili hawajauliza hata kitanda.

Hakikisha kwanza. Sipendi kuchukua amana ya mtu atakayekuja kukaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu akihesabu sahani.

Mwenye Nyumba


19 Mei, jioni

Mama Mwenye Nyumba,

Nilikuomba hesabu ya umeme, sikuomba ukoo wangu upigiwe ramli. Baba yangu ni mbahili na kaka yangu ni mkaidi, na mtu mbahili na mtu mkaidi wote hutoa namba ndogo. Huhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Nakutumia kesho nusu ya amana.

Mpangaji wa Agosti


24 Mei

Baba, shikamoo. Kaka, shikamoo.

Barua hii ni moja na nimewatumia wote wawili, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kwa sababu maisha yangu yote nimeandika barua mbili za kila jambo. Baba, ya kwako kijana wa duka la dawa atakusomea kama kioo hakionyeshi.

Amana sikuituma. Nilikaa na barua ya yule mama siku tatu, nikiichukia, kisha nikafanya alichosema.

Kaka, nilipiga simu kwenye tanuri lenu nikajifanya mteja mwenye oda kubwa ya Agosti. Nikaambiwa wewe ndiye utakayeisimamia, upo mwezi mzima, hujaomba hata siku moja. Baba, niliuliza pasipoti yako imefikia wapi. Ofisa akasema hakuna aliyepeleka hata picha.

Kwa hiyo hakuna kati yenu aliyekuwa anakuja. Mlinifanya nihesabu uniti za watu ambao hawatakuwapo. Nimegeuza hesabu kwa fedha za nchi mbili, nimejifunza pampu ya bwawa ina nguvu gani, nimegombana na bibi wa watu ambaye hakunikosea, na muda wote mlikuwa mnasubiri namba ije ili mseme ni kubwa mno. Na isingekuwa kubwa mngetafuta kingine. Kaka kazi ingembana. Baba mgongo ungemuuma. Mngeniambia kila mmoja kwa wakati wake, kwa upole, na mimi ningewaambia hakuna neno.

Lipo neno. Sina mtu mwingine duniani anayekumbuka sauti ya Mama isipokuwa ninyi wawili, na siwezi kuwauliza mkiwa pamoja. Nikiuliza mmoja napata nusu.

Sitaki kuombwa radhi. Nataka kila mmoja aniandikie upya usiku wake. Kama ungekuja kweli, ungewasha nini? Ukiniandikia tena "sifuri" nitajua umeniaga, na nitamwachia yule mama nyumba yake.

Kitinda


26 Mei

Kitinda,

Wewe mtoto ulijifanya mteja. Mkuu wangu ameshaandika oda ya mikate mia mbili, sasa nimwambie nini?

Haya. Nitakuandikia mara moja na hatutaongea tena habari hii.

Siwezi kulala gizani. Mtu wa umri wangu, mwenye ndevu za mvi. Taa ikizimwa moyo unaenda mbio, nasikia viatu ukumbini, naanza kupapasa ukuta. Ndiyo maana nilichagua kazi ya usiku. Watu wanadhani napenda mikate. Usiku tanuri linawaka na taa zote ziko juu, mchana nalala na jua dirishani, maisha yanakwenda. Siku za mapumziko naacha taa ya chumbani hadi asubuhi. Yule dada niliyekuwa naye alivumilia, baadaye akasema hawezi kuishi na mtu kama yuko hospitali.

Sasa nije nilale nyumba moja na yule mzee? Aone mwanga chini ya mlango wangu saa nane ya usiku? Atagonga. Atasema, "Zima, unachoma pesa." Nami nitakuwa mtoto tena, au nitasema maneno ambayo hayarudi mdomoni. Afadhali nilete fedha zangu na nisilete mwili.

Hilo ndilo ningewasha. Taa moja, usiku kucha. Usimwambie.

Kaka


27 Mei

Mwanangu,

Nimesomewa barua yako mara mbili, na mara ya pili kijana wa duka la dawa alikuwa anaruka maneno, nikamwambia asiruke.

Ninachokuandikia hapa yeye anakijua, maana ndiye anayeniuzia vichujio vya mashine. Wewe sikukuambia usije ukaacha kazi ukaja kunitazama.

Tangu mwaka juzi nalala na mashine. Daktari alisema nikisinzia pumzi inakatika, inarudi, inakatika, na siku moja inaweza isirudi. Basi kuna mashine kando ya kitanda, na mpira, na kitu cha kuvaa usoni. Nikikivaa nafanana na rubani. Mashine inataka umeme tangu ninapolala mpaka ninapoamka, na chumba kiwe kimefungwa vizuri kisiingie vumbi, kwa hiyo na hewa ya kiyoyozi. Mimi huyo. Umeme ukikatika mtaani naamka nikitafuta hewa kwa mikono.

Unaelewa sasa. Kaka yako aliondoka kwangu kwa ajili ya umeme. Aje anikute nimeunganishwa ukutani kwa waya kama pasi, usiku mzima, nikila uniti alizonyimwa yeye? Atacheka, na atakuwa na haki. Mimi naweza kuvumilia asiniandikie. Kuchekwa na yeye nimelazwa, hapana.

Nilikuwa nitakuja mpaka mpakani nikupe zawadi ya safari, kisha nirudi.

Usimwambie kaka yako.

Baba yako


28 Mei

Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa barua yangu ya mwisho. Ulikuwa sahihi, na sijafurahi kwamba ulikuwa sahihi.

Maelezo mapya. Baba analala na mashine ya kumsaidia kupumua, inawaka usiku kucha, na chumba chake kinahitaji kiyoyozi. Kaka analala taa ikiwa imewashwa hadi asubuhi, na sasa najua kwamba habari za kupenda joto zilikuwa porojo, kwa hiyo muwekee kiyoyozi. Nami niwekee, sioni kwa nini niwe wa pekee. Hita ya maji weka watu watatu.

Tafadhali usinipunguzie kitu.

Mpangaji wa Agosti, labda


29 Mei

Binti,

Sasa hapo pana watu.

Viyoyozi vitatu kwa wiki, uniti mia mbili na kumi. Bwawa arobaini na mbili. Hita ishirini na nane. Jikoni na taa za kawaida kumi na nne, friji kumi. Mashine ya baba yako haifiki uniti nne kwa wiki nzima, inakula kidogo kuliko friji. Taa ya kaka yako, kama ni balbu zangu za sasa, haifiki uniti moja kwa siku zote saba. Nimeirudia hesabu hiyo kwa sababu najua utaniuliza. Jumla weka mia tatu na kumi, na bei ya uniti ya sasa nimeiambatanisha.

Nimeishi na namba muda mrefu na huwa sizitolei maoni. Lakini vitu viwili walivyokuficha ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote ndani ya nyumba.

Usiku wa kuamkia Juni mosi naipa ile familia nyingine jibu.

Mwenye Nyumba


29 Mei, usiku

Baba na Kaka,

Namba mliyoitaka ni mia tatu na kumi. Makadirio yameambatanishwa, kila kitu kwa mstari wake.

Nimeambatanisha na kitu kingine. Baba, utakuta barua ya Kaka ya tarehe ishirini na sita. Kaka, utakuta ya Baba ya ishirini na saba. Kila mmoja aliniambia nisimwambie mwenzake. Nimevunja ahadi mbili kwa barua moja, na nilikaa mbele ya kitufe cha kutuma kwa muda mrefu nikitafuta sababu ya kutofanya hivyo. Sababu zilikuwapo, tena nzuri. Zote zilikuwa za kunilinda mimi nisichukiwe.

Nichukieni. Lakini mimi sitabeba tena barua ya mtu kwenda kwa mtu ambaye anwani yake anayo.

Kitinda


31 Mei

Binti,

Mwezi umekwisha. Ile familia imepiga simu mara mbili. Wana watoto watano na hawajauliza umeme hata kidogo, jambo linalonitia hofu. Una jibu?

Mwenye Nyumba


31 Mei

Mama,

Sina. Hakuna aliyeniandikia, si huyu wala yule. Simu ya Baba inaita tu. Barua ya Kaka inaonyesha imesomwa. Huenda sasa nimewapoteza wote wawili, badala ya kuwa nao nusu nusu kama zamani. Leo darasani nimesimama mbele ya wanafunzi nikasahau nilichokuwa nasema, wakadhani nawaza.

Nipe siku nne. Nikishindwa nitakulipa fidia ya kukucheleweshea.

Kitinda


31 Mei

Nne. Fidia sitaki. Hao wenye watoto watano nitawaambia bwawa linatengenezwa.

Mwenye Nyumba


1 Juni

Mwanangu wa kwanza,

Anwani yako nimeitoa kwenye barua ya mdogo wako, waliyonichapia kwenye karatasi dukani. Barua hii nimeinakili mara tatu na hii ndiyo yenye makosa machache.

Kijana wa duka la dawa alianza kunisomea yako. Nilimwambia aishie hapo, nikaichukua nikaenda kuisoma mwenyewe kibarazani, neno kwa neno, kwa miwani ya kushonea. Sikujua kwamba giza lile lilikufuata. Nilidhani nililizima kwangu tu. Mambo mengine juu ya hilo siwezi kuyaandika vizuri, na sitaki kuyaandika vibaya.

Nimeyapitia makadirio ya yule mama. Kazi yake ni safi, lakini kuna upotevu. Viyoyozi vitatu vya nini? Chumba cha chini kwenye picha ni kikubwa, kinaingia vitanda viwili na nafasi ya kupita. Tukilala humo sisi wawili, kiyoyozi kimoja kizima hakiwashwi. Hizo ni uniti sabini, tena za kila mtu, hata mdogo wako anapunguziwa.

Nimewaza pia habari ya taa. Mashine yangu ina kitaa cha kijani mbele, ukubwa wa kifungo cha shati. Hakizimiki. Mwanzoni nilikibandika plasta nikiona ni ujinga kuwasha kitu usiku kucha bila kazi, plasta ikabanduka, nikaacha. Sasa nimekizoea. Kinatosha mtu kuona mlango uko wapi na nani yuko chumbani. Kisipokutosha, washa na ile balbu. Haifiki uniti moja, nimeona.

Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayepuliza chai. Kukoroma imeniondolea.

Nikiwa nimeivaa siwezi kusema, kwa hiyo usiku hutasikia maneno yangu. Wewe ukitaka kusema, masikio hayafunikwi.

Pasipoti nimepeleka picha jana. Nimetoka vibaya, wamesema inafaa.

Baba yako


4 Juni

Kitinda,

Nimeomba likizo. Mkuu ameuliza mikate mia mbili ya mteja wa Agosti ataisimamia nani, nikamwambia mteja huyo ni mwongo, namfahamu tangu amezaliwa.

Mwambie yule mama vyumba viwili, si vitatu. Kile cha chini aweke vitanda viwili. Apige hesabu upya, na kama atalalamika mwambie ni agizo la fundi cherehani.

Baba usimwandikie. Namwandikia mwenyewe.

Kaka